Simu haiiti, inakimbilia voisimeli: anza hapa

Juzi dogo mmoja anayeongoza watalii Kilimanjaro alinifuata kibandani kwangu, Moshi mjini. Wageni wake wa nje wakipiga, simu haiiti, wanaambiwa waache ujumbe. Mimi nikimpigia, inaita vizuri tu. Jibu lilikuwa hapohapo na sikuliona; nilihangaika mpaka jioni.

Hatua ya 1. Zima, washa, hakikisha hali ya ndege imetolewa.

Hatua ya 2. Fungua orodha ya simu zilizoingia. Ndiyo hatua niliyoiruka. Simu ikigeuziwa njia na mtandao, haifiki kwako kabisa, kwa hiyo orodha haina kitu. Ukikuta namba ya mgeni imo na wewe hukusikia mlio, acha mtandao, tatizo umelishika mkononi. Dogo ana iPhone, na tangu iOS 13 ya mwaka 2019 kuna kitufe cha kunyamazisha namba usizozijua, kwenye mipangilio ya simu (matoleo mapya yamekibadilisha kidogo). Namba yangu alikuwa ameihifadhi, ya mgeni hakuwa nayo. Kwa hiyo usijaribu kwa simu yako, azima ya jirani ambaye hamjuani. Angalia pia namba zilizozuiwa.

Hatua ya 3. Orodha ikiwa tupu, piga *#21#: inaonyesha kama simu zote zimeelekezwa kwingine. Halafu *#61# (usipopokea), *#62# (ukiwa umezima au huna mtandao), *#67# (ukiwa unaongea). Kwa mtu wa mlimani, namba ya voisimeli ikitokea kwenye *#62# iache, ndiyo kazi yake. Ikitokea kwenye *#21#, umemkamata mchawi. Ifute kwa ##21#. Mafundi wengi hupenda ##002#, inayofuta vyote kwa mpigo. Mimi siitaki: mteja anarudi wiki ijayo akiuliza voisimeli imeenda wapi.

Simu ya laini mbili? Kila laini ina maelekezo yake. Chagua laini kabla ya kupiga kodi. Mimi nilisafisha laini ya bando, wageni wanapiga ile nyingine.

Hatua ya 4. Kama inaita kidogo tu na kukimbia, ongeza muda: **61*namba ya voisimeli*11*30#. Hiyo 30 ni sekunde, na ndiyo mwisho. Zinapanda kwa tanotano. Namba ianze na +255.