Kabla hujapeleka kifaa cha betri saiti, angalia kwanza umeme wa kuwashia

Nyie mnaotengeneza vifaa vya ESP32 na Arduino (bodi ndogo za kielektroniki unazoziprogramu) na moduli za simu, someni hii kabla hamjafunga boksi. Wengi wanapiga hesabu ya umeme kifaa kikiwa kimelala tu, wanaona maikroampia 10, wanasema betri itakaa miezi, kumbe kifaa kinaumia pale kinapoamka. ESP32 ikianza kurusha WiFi inafika miliampia 240 hivi, na walioitengeneza wanashauri uipe chanzo kinachoweza kutoa miliampia 500. SIM800L, moduli ya simu inayotuma SMS, ndo usiseme, inafika ampia 2 kwa vipindi vifupi vifupi.

Ya haraka haraka. Betri ya saa CR2032 usiifungie WiFi, haiwezi. AMS1117, kile kipunguza volti cha 3.3, usiitumie na betri moja ya lithiamu, inataka kama volti 1 juu ya inayotoa, na betri hata ikijaa ni 4.2, halafu yenyewe inakula miliampia kadhaa kifaa kikiwa kimelala. Pawabenki nyingi zinajizima zikiona kifaa kinavuta kidogo. Antena funga kabla ya kuwasha.

Sasa hii ya betri iliyojaa, tafadhali isome mpaka mwisho.

Mtaani kwetu kuna mama anafuga kuku, kijana mmoja akamtengenezea alamu ya banda la vifaranga: joto likishuka, SMS inaingia kwenye simu yake. Arduino ndogo, sensa ya joto, SIM800L, betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara) iliyotolewa kwenye laptop ya zamani. Mezani ilifanya kazi vizuri kila akiijaribu, maana kila mara betri ilikuwa imetoka kwenye chaja. Ikafungwa bandani. Wiki ya pili usiku umeme ukakatika, taa za joto zikazima, na simu ya mama haikulia. Asubuhi vifaranga wamerundikana kona moja, wengi wao wamekufa. Yule mama hakusema kitu, alikuwa anaokota tu anaweka kwenye ndoo.

Nilikuwepo kifaa kilipofunguliwa. Mita inaonyesha betri ina volti 3.9, kila mtu anasema betri nzima. Lakini mita inakupa wastani, na SIM800L inavuta zile ampia 2 kwa muda usiofika hata milisekunde moja, mita haiwezi kuona. Tukaazima osiloskopu, mashine inayochora volti kwa kila kipande cha sekunde, ndo tukaona: kila ikirusha, volti zinaanguka mpaka 3.3, na moduli ile inataka zisishuke chini ya 3.4. Ukijumlisha ukinzani wa betri chakavu, soketi na zile waya nyembamba za bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila kuchomelea) unapata kama omu 0.3, zidisha kwa ampia 2, volti 0.6 zimeshapotea. Kutoka 4.2 unabaki na 3.6, inawaka. Kutoka 3.9 unabaki na 3.3, inazima. Na ikizima betri inapumua, volti zinapanda, inawaka tena, inatafuta mtandao, inazima, usiku kucha hivyo hivyo, na kutafuta mtandao kunakula umeme sana, kwahiyo betri inaendelea kuliwa na majaribio ya kuwaka na hakuna SMS hata moja iliyotoka.

Kwahiyo: jaribu kifaa na betri iliyochoka, sio iliyojaa. Ishushe mpaka 3.6 hivi, kifaa kikae nje ambako mtandao ni dhaifu, uone kama kinawaka. Waya za umeme ziwe fupi na nene, zichomelewe, bredibodi iishie mezani. Weka kapasita (inayohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka) karibu kabisa na moduli, ila usidanganyike kwamba itakuokoa yenyewe, ile ya maikrofaradi 1000 ikiachiwa peke yake kubeba ampia 2 kwa muda ule mfupi inashuka zaidi ya volti 1, betri nzuri bado inahitajika. Na kapasita kubwa ikiwa tupu, ukichomeka betri inavuta kwa kishindo, ile bodi ndogo ya kulinda betri inaweza kukata umeme.

Kwenye programu usiwashe vyote kwa mpigo. Maikrokontrola iamke, ipime betri kwanza, iwashe sensa, isome, izime sensa, ndo iwashe redio, na volti zikiwa chini irudi kulala. Iulize pia iliwaka upya kwa sababu gani, ESP32 inakuambia kama ni volti kuanguka, ikiwa ndiyo isikimbilie redio, ilale dakika 5, ikishindwa tena ilale 20. Na ule ushauri wa kuzima kilinda volti cha ESP32 (kinachoizima volti zikianguka) ili kifaa kiache kujizima, usiufuate kabisa, volti bado zinaanguka ila sasa hujui, na flashi, kumbukumbu inayobeba programu, inaweza kuandikwa vibaya.

Mengine unayajua, 18650 za bei ya kutupa zenye namba kubwa za uongo usinunue, soketi za springi laini zinalegea, unyevu wa bandani unaleta kutu, baridi nayo inaongeza ukinzani wa betri kwahiyo pima alfajiri sio saa nane mchana. Na kama ni alamu ya kitu chenye uhai, ifanye itume SMS ya kuonyesha iko hai kila jioni, isipofika mwenye banda aende akaangalie mwenyewe.