Kitanda cha 5 kwa 6 kutoka ramani ya mtandaoni: jinsi ya kukijenga mwenyewe nyumbani

Ramani za fanicha zimejaa mtandaoni, nyingi za bure, na nyingi zimechorwa na Wamarekani. Ni ramani nzuri. Kila kipande kina namba, michoro iko wazi, na hata mtu asiyewahi kushika randa anaweza kuzifuata. Shida ni kwamba zimechorewa mbao zisizouzwa Nakuru wala Kisumu, na godoro ambalo duka la mtaani kwako huenda halina. Ukipasua mbao za Elburgon kwa vipimo vya karatasi ile, vipande havitakutana.

Naandika haya baada ya kumsaidia shemeji yangu aliye Kisumu kujenga kitanda chake, sehemu kubwa kwa simu. Hatua ya tatu ndiyo iliyotumaliza nguvu, kwa hiyo ndiyo ndefu. Mambo kama jinsi ya kushika msumeno sitayagusa.

Hatua ya 1: Pima godoro

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye godoro. Godoro la "5 kwa 6" hapa Kenya lina upana wa inchi 60, lakini urefu wake unaweza kuwa inchi 72 au 75 kutegemea aliyelitengeneza. Litandaze sakafuni, litoe mkunjo, upime mwenyewe. Kama bado hujalinunua, linunue kwanza. Kitanda kinajengwa kulizunguka godoro.

Ramani ya Kimarekani inayokaribia saizi hii huitwa "queen", na godoro lake ni inchi 60 kwa 80. Upana unalingana na wetu, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani na urefu ni ule ule. Ukifuata karatasi utabaki na pengo la inchi 5 hadi 8 miguuni.

Mfano nitakaoutumia ni wa godoro la 60 kwa 75. Ongeza nusu inchi kila upande ili shuka lipate pa kuingia. Nafasi ya ndani ya fremu sasa ni inchi 61 kwa 76. Ziandike namba hizo juu kabisa ya ramani kwa kalamu nyekundu, kwa sababu vipimo vingine vyote vitatoka hapo.

Hatua ya 2: Chagua mbao na uhakikishe zimekauka

Mimi natumia saiprasi na sishawishiki kirahisi kuiacha. Inapigika randa vizuri, inanukia, inashika skurubu, na huku kwetu haikosekani, kwa sababu Elburgon, Molo na Njoro ni nyumbani kwa mbao. Paini inafaa kwa chaga (mbao za kukingama zinazobeba godoro) lakini ni laini mno kwa mifumbati (mbao mbili ndefu za kando). Grevilea ni nzuri kwa sura ikiwa imekauka sawasawa. Mkaratusi ni mgumu na wa bei nafuu, ila ukiwa mbichi hupinda na kupasuka hata ukiwa umeufunga bolti, kwa hiyo usiupeleke chumbani. Na usikubali kuuziwa mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi kwa kitanda cha Kisumu. Unyevu wa kando ya ziwa na maji ya kupiga deki huzivimbisha kuanzia chini.

Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, nimekutana na mbao nyingi zaidi za miti michanga ya mashambani. Utazitambua ukitazama kichwa cha ubao: miviringo imeachana sana, na sehemu nyeupe ya nje ni kubwa. Hiyo nyeupe ndiyo wadudu hupenda. Chagua ubao wenye rangi ya asali zaidi na nyeupe kidogo.

Muuzaji atakwambia zimekauka. Jipimie. Kata kipande kidogo umbali wa futi moja kutoka mwisho wa ubao (mwisho wenyewe hukauka mapema na utakudanganya), ukipime kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi, ukikipima kila baada ya saa moja, mpaka uzito uache kushuka. Uzito uliopotea ugawanye kwa uzito wa mwisho, uzidishe kwa 100. Kipande kikianza na gramu 84 kikaishia 70, kimepoteza 14, na 14 kwa 70 ni asilimia 20. Hizo bado ni mbichi kwa fanicha. Ninalenga asilimia 12, na 14 naweza kuvumilia.

Zikiwa mbichi, zipange kivulini penye upepo, si juani, na kati ya kila safu weka vijiti vya unene mmoja, kimoja kila baada ya futi mbili, na vijiti vya safu zote vifuatane, kimoja juu ya kingine. Paka rangi yoyote kwenye vichwa vya mbao ili visipasuke. Kisha ngoja. Januari na Februari Nakuru hukausha vizuri sana. Ukinunua masika yakiwa yameanza, jipe miezi.

Hatua ya 3: Geuza vipimo vya ramani viwe vya mbao zako

Hapa ndipo shemeji alinipigia simu: "Shemeji, nimefuata ramani mpaka nukta ya mwisho na godoro haliingii." Alikuwa amefuata kweli. Karatasi ndiyo haikuwa na habari ya mbao zake.

Elewa hili kwanza. Ramani ya Kimarekani ikiandika "2x6", haimaanishi ubao wa inchi 2 kwa 6. Hilo ni jina tu. Ubao wenyewe, kama unavyouzwa kwao ukiwa umeshapigwa randa, ni inchi 1½ kwa 5½. Vivyo hivyo "2x4" ni 1½ kwa 3½, "1x4" ni ¾ kwa 3½, na "1x6" ni ¾ kwa 5½. Vipimo vyote vya kukatia vilivyomo kwenye karatasi vimepigiwa hesabu ya namba hizo ndogo, hata kama mchoraji hakuziandika popote.

Yadi zetu huuza ubao mbichi wa msumeno. 6 kwa 2 ukiupima una takriban inchi 2 kweli, au pungufu kidogo. Ukiupiga randa pande zote unabaki karibu 1¾ kwa 5¾. Na kama ulipasuliwa shambani kwa msumeno wa mota unaoshikwa mkononi, unaweza kuwa inchi 2 mwisho mmoja na 1⅝ mwisho mwingine. Ubao wa namna hiyo uache hapo hapo yadini.

Robo inchi inaonekana ndogo. Iangalie inavyofanya kazi. Katika ramani ya kawaida ya kitanda cha sanduku, mifumbati, yaani zile mbao mbili ndefu za kando, imebanwa kati ya vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Kwa hiyo urefu wa kitakizo ni nafasi ya ndani pamoja na unene wa mfumbati mara mbili. Kwa mbao zao ni 61 + 1½ + 1½, yaani inchi 64. Kwa mbao zetu ni 61 + 1¾ + 1¾, yaani 64½. Ukikata 64 kama karatasi inavyosema, ndani itabaki 60½. Bado godoro linaingia kwa kubanwa. Lakini ramani ya shemeji haikuacha nafasi ya shuka: ndani ilikuwa 60 kamili na kitakizo 63. Kwa mbao zake ndani ikatoka 59½, na godoro la inchi 60 likakataa.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu huu.

Peleka mbao zote za fremu kwenye mashine ya randa siku moja, na umwombe mwenye mashine azipitishe zote kwa mpangilio mmoja bila kuugusa katikati. Ukipeleka nusu leo na nusu wiki ijayo utapata unene wa aina mbili, na hesabu yako itakuwa ya nusu ya kitanda. Kwa randa ya mkono inawezekana pia, lakini mbao nne za unene sawa kabisa kwa mkono ni kazi ya fundi wa siku nyingi.

Zikirudi, pima unene wa kila ubao sehemu tatu: mwanzo, kati, mwisho. Namba unayoipata ndiyo unene wako. Usitumie 1¾ yangu.

Kisha chukua karatasi safi na uandike upya orodha nzima ya kukatia. Usirekebishe juu ya ile ya zamani, kwa sababu jicho litarudi kwenye namba iliyochapishwa. Kwa kila kipande jiulize: urefu huu unatokana na godoro, au na unene wa kipande kingine? Kwa mfano wetu inatoka hivi:

Mifumbati miwili: inchi 76, urefu wa ndani kamili.
Vitakizo viwili: inchi 64½.
Chaga: inchi 60½, yaani upana wa ndani ukitoa nusu inchi ili zisisugue.
Boriti ya kati: inchi 76.
Matendegu, yaani miguu: inchi 14, au unavyopenda.

Sasa angalia kama vipande vinatoka kwenye urefu unaouzwa. Hili nalo huwaponyoka wengi. Chaga mbili za 60½ ni inchi 121. Ubao wa futi 10 ni inchi 120. Ukinunua futi 10 utatoa chaga moja na kipande cha kuni. Nunua futi 12, utoe mbili, na masalio yawe vipande vya kujaribia vanishi. Kumbuka pia kwamba msumeno wa umeme hula karibu milimita 3 kila mkato.

Jambo la mwisho hapa: baki kwenye inchi. Ramani ni inchi, godoro ni inchi, yadi inauza kwa inchi na futi. Ukiwa na ramani ya Ulaya yenye milimita, basi geuza kila kitu kiwe milimita tangu mwanzo. Na tumia tepu moja kwa kazi nzima. Tepu mbili za bei rahisi zinaweza kutofautiana kutosha kukuharibia kona.

Hatua ya 4: Kata na ufunge fremu

Kata mifumbati yote miwili ikiwa imelala pamoja, na vitakizo vivyo hivyo.

Kwa tendegu, usinunue 4 kwa 4. Ubao mnene hivyo mara nyingi una moyo wa mti ndani, na utapasuka. Gandisha vipande viwili vya 4 kwa 2 kwa gundi ya mbao, uvibane kwa klampu mpaka kesho yake, kisha uvipige randa mpaka inchi 3½ kila upande. Matendegu yakae ndani ya kona na yaishie usawa wa chini ya chaga, yasije yakasukuma godoro.

Funga kwa bolti za inchi 6 zenye washa pande zote, mbili kwa kila uso wa tendegu. Bolti za mfumbati na za kitakizo zisiwe kimo kimoja, la sivyo zitagongana ndani ya tendegu. Kitanda hiki sitakifunga kwa misumari kamwe. Misumari hulegea na kitanda huanza kulia usiku. Zile skurubu nyeusi za jipsamu nazo ziache dukani. Chuma chake hakipindi, na hukatika shingo mzigo ukizikalia.

Kabla ya kukaza, pima kutoka kona hadi kona kwa ndani, njia zote mbili. Kwa vipimo vyetu kila moja inakuja karibu inchi 97½. Muhimu zaidi ni zilingane. Moja ikiwa ndefu, sukuma kona zake kwa ndani hadi zilingane, ndipo ukaze.

Hatua ya 5: Chaga

Funga ukanda wa 2 kwa 2 upande wa ndani wa kila mfumbati kwa gundi na skurubu, ukitoboa kwanza kwa drili nyembamba. Kitanda cha futi 5 lazima kiwe na boriti ya 4 kwa 2 katikati, ikiwa imesimamishwa kwa ubavu, na mguu wake unaogusa sakafu. Bila huo mguu chaga zitabonyea katikati.

Chaga 13 za upana wa inchi 3½ zinaacha mapengo ya inchi 2½ hivi. Usizidishe inchi 3, godoro la sponji litazama kwenye mapengo. Kila chaga ifunge kwa skurubu moja kila mwisho. Zikiwa mbili, ubao ukisinyaa utapasuka katikati yake.

Hatua ya 6: Msasa na vanishi

Msasa namba 80, halafu 120, halafu 220, daima kufuata nyuzi za mbao. Sila (ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) ipake mara moja, msasa wa 220 kidogo, kisha vanishi mara mbili. Paka na sehemu za ndani na za chini zisizoonekana, kwa sababu ubao uliopakwa upande mmoja hunyonya unyevu kwa upande mwingine na kupinda. Madirisha yawe wazi, na usikilalie mpaka harufu ya thina iishe.

Baada ya mwezi, na tena kiangazi kikikolea, kaza bolti zote. Ubao ukisinyaa unene hupungua, na nati iliyokuwa imekaza hubaki ikizunguka kwa vidole.