Nyumba ya Mji Mkongwe imechoka: ibomolewe au isibomolewe?

Kila masika simu huwa nyingi: "Fundi, nyumba imechoka, njoo utwambie tuibomoe." Naenda, lakini jibu sina mpaka nimeikagua kwa mpangilio huu. Nazungumzia nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar. Za Lamu zinafanana nazo kwa mengi, ila huko sheria ni ya Kenya.

1. Watu kwanza. Uliza kama milango imeanza kukwama na kama vumbi la chokaa linadondoka usiku. Yakikutana yote mawili, wakaazi watoke leo hii, dari iegemezwe kwa mirunda na njia ya chini ifungwe. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la hapa hapa Mji Mkongwe, jengo la 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu 2 wakafariki.

2. Jua ni ya nani. Ya Serikali, ya Wakf, au ya mirathi yenye warithi waliotawanyika kutoka Muscat hadi London? Bila saini zao unapoteza muda. Kisha nenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na hata kama hati ni yako, kubomoa kunataka kibali. Ulizia daraja la nyumba yako, yaani imepangwa kundi gani la uhifadhi. Ikiwa la kwanza, mazungumzo ya kubomoa yaachie hapo hapo mlangoni.

3. Anza juu. Maradhi ya nyumba hizi karibu yote yanatokana na maji: bati lililotoboka, mchirizi ulioziba, tangi lililowekwa juu ya dari ya boriti. Maji huingia pale kichwa cha boriti kilipolala ndani ya ukuta, na huko hayaonekani. Chukua bisibisi, choma kila boriti sentimita chache kutoka ukutani, kisha gonga katikati yake kwa nyundo. Nzima hulia, iliyooza hujibu kama gunia.

Nyumba moja niliyoitiwa "kuithibitisha tu kwamba imekufa", bisibisi ilizama hadi kwenye mpini kwa boriti 9 kati ya 11 upande wa mchirizi. Upande wa pili haikuingia hata ukucha. Ilihitaji boriti mpya na mchirizi mpya. Mwenyewe hakufurahi, maana alishachorewa ghorofa.

4. Pima kuta. Teremsha timazi, uzi wenye uzito, kutoka juu. Ukuta wenye unene wa sentimita 60 ukiinama sentimita 10, mimi sifanyi tena hesabu peke yangu, namwita mhandisi. Ufa usiuamulie kwa macho: gundisha kipande chembamba cha kioo juu yake, andika tarehe kwa penseli, urudi baada ya wiki kadhaa, mvua ikiwemo. Kioo kikiwa kizima, ufa ni wa zamani. Tazama pia kama ukuta umetoa tumbo. Hapo mawe ya nje yameachana na ya ndani, na mara nyingi utakuta mtu aliupiga plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chokaa huuachia utoke.

5. Ingia kwa jirani. Omba kwa adabu, maana ni hisani. Ukuta mmoja mara nyingi hubeba boriti za nyumba mbili. Ukiubomoa wako, umemvunjia na yeye.

6. Sasa amua. Kuta zikisimama wima na kioo hakijavunjika, ni ukarabati, hata kama paa lote limekwenda. Ukuta mmoja ukiwa mbovu, fumua huo tu ujengwe tena kwa mawe yale yale. Mimi hukubali kubomoa pale tu kuta za kubeba zimeachana na haziwezi kuegemezwa bila kuhatarisha mafundi, na mhandisi ameandika hivyo. Gharama pekee si sababu. Nimeshaona bati mbili zikitolewa Februari, kisha mwenye nyumba akangoja masika imfanyie kazi. Kwenye ripoti yangu bati hizo huandikwa, pamoja na picha.

7. Kibali kikitoka, pima na piga picha kila chumba kabla ya nyundo ya kwanza: zidaka (vishubaka vya ukutani), ngazi, baraza, upana wa madirisha. Mlango uvuliwe pamoja na fremu yake, uwekwe pakavu penye kufuli, na ufunguo akae nao mtu asiyekuwa mkandarasi.