Namna ya Kuyasoma Matokeo ya Mwanzo ya Kura za Mchujo Nchini Marekani

Kila baada ya miaka minne, vyama vya Marekani vinapoanza kuwachuja wanaotaka urais, macho huelekezwa Iowa na New Hampshire, majimbo mawili ambayo kwa hesabu ya wajumbe, yaani wale wanaomteua mgombea wa chama katika mkutano mkuu, hayana uzito mkubwa. Mwaka 2020, kwa upande wa Democratic, Iowa ilikuwa na wajumbe 41 na New Hampshire 24, ilhali waliokuwa wakiwaniwa kwa kura walikuwa 3,979. Hata mgombea aliyezoa wajumbe wote wa majimbo hayo mawili asingefikisha asilimia mbili ya idadi hiyo. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama matokeo ya mwanzo yamemsogeza mgombea au yamemrudisha nyuma, asianze kwa kuuliza nani ameongoza, bali aulize kila mmoja alitarajiwa kupata nini.

Kazi hiyo hufanywa kabla ya siku ya kura. Tafuta tafiti za maoni za wiki mbili au tatu za mwisho, andika pembeni kiwango cha kila mgombea, kisha matokeo yakitoka ulinganishe. Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson aliongoza New Hampshire kwa takriban asilimia 49 dhidi ya 42 za Eugene McCarthy, lakini kwa kuwa hakuna aliyedhani seneta huyo angemkaribia rais aliyeko madarakani, ushindi huo ulisomwa kama kipigo, na tarehe 31 Machi Johnson akatangaza kuwa hatagombea tena. Bill Clinton, kinyume chake, alishika nafasi ya pili nyuma ya Paul Tsongas mwaka 1992, akapanda jukwaani usiku ule kama mshindi, na wengi wakamkubalia, kwa sababu kashfa zilizokuwa zimemwandama zilifanya wengi waamini kwamba amekwisha. Mwaka 1976, kundi kubwa kuliko yote katika Iowa lilikuwa la wasiojifunga na mgombea yeyote. Jimmy Carter alikuwa nyuma yao, lakini alikuwa mbele ya wagombea wengine wote, na hilo lilitosha kumfanya ajulikane nchi nzima.

Baada ya matarajio, hesabu wajumbe, na uhesabu kwa kanuni za chama husika. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa asilimia ileile inaweza kuwa mtaji katika chama kimoja na bure kabisa katika kingine. Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano, ila aliye chini ya asilimia 15 hapati kitu. New Hampshire mwaka 2020, Bernie Sanders na Pete Buttigieg waligawana wajumbe 9 kwa 9, Amy Klobuchar akapata 6, na Joe Biden, aliyepata zaidi kidogo ya asilimia 8, akaondoka mikono mitupu. Republican huyaachia majimbo uhuru zaidi, na baadhi humpa kinara karibu kila kitu. Katika South Carolina mwaka 2016, Donald Trump alipata takriban theluthi moja tu ya kura, lakini akachukua wajumbe wote 50. Theluthi mbili ya wapiga kura hawakumtaka, ila kura zao zilitawanyika kwa wapinzani watano. Chini ya kanuni za namna hiyo, mgawanyiko wa wapinzani ni silaha ya anayeongoza, na jambo la kuangalia si ukubwa wa ushindi wake bali ni kama wapinzani hao wanajiondoa au wanaendelea kung'ang'ania.

Kisha uliza nani waliopiga kura. Wakazi wa Iowa na New Hampshire kwa sehemu kubwa ni weupe, na wapiga kura wa Republican katika Iowa wana idadi kubwa ya Wakristo wa kiinjili. Ndiyo maana Mike Huckabee mwaka 2008, Rick Santorum mwaka 2012 na Ted Cruz mwaka 2016 waliongoza huko, na hakuna hata mmoja wao aliyepata uteuzi. New Hampshire nayo huwaruhusu wasiojiandikisha na chama chochote kushiriki. John McCain alinufaika nao mwaka 2000 alipombwaga George W. Bush, kisha akaangushwa South Carolina.

Mwaka 2020 Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Hakusubiri hata matokeo ya New Hampshire yatangazwe. Jioni ile aliruka kwenda South Carolina, ambako wapiga kura weusi ndio wengi katika mchujo wa Democratic. Tarehe 29 Februari alishinda huko kwa karibu nusu ya kura zote. Buttigieg na Klobuchar walijiondoa na kumuunga mkono, na tarehe 3 Machi, siku ya Jumanne Kuu, ambapo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, akashinda majimbo 10 kati ya 14. Kwa maoni yangu, kujiondoa kwa wale wawili kulikuwa na uzito kuliko matokeo yote ya Iowa. Fuatilia pia fedha, kwa maana wagombea wengi husitisha kampeni pale wachangiaji wanapofunga mikoba, ambapo mara nyingi ni siku chache tu baada ya matokeo mabaya.

Usihukumu usiku uleule. Mwaka 2012 Mitt Romney alitangazwa kumshinda Santorum Iowa kwa kura 8. Zaidi ya wiki mbili baadaye hesabu ya mwisho ikampa Santorum uongozi wa kura 34, lakini msisimko wa ushindi ulikuwa umeshamnufaisha Romney. Angalia kalenda pia, kwani hubadilika: mwaka 2024 Democratic waliiweka South Carolina mbele ya yote, na New Hampshire ikapiga kura mapema hata hivyo.

Swali la mwisho ni la uchaguzi wenyewe wa Novemba, na hapo matokeo ya mwanzo yana uwezo mdogo wa kutabiri, kwa kuwa wanaojitokeza ni wachache na wengi wao ni wafuasi wa chama. Dalili moja ndiyo ninayoipa uzito: rais aliyeko madarakani akisumbuliwa ndani ya chama chake. Gerald Ford alisumbuliwa na Ronald Reagan mwaka 1976, Carter na Edward Kennedy mwaka 1980, na George H. W. Bush na Pat Buchanan mwaka 1992. Wote watatu waliteuliwa na vyama vyao, na wote watatu walishindwa Novemba.