Mbwa dume anayevuja mkojo

Dume aliyezoea usafi akianza kuacha unyevu pale alipolala, asipigwe wala asifokewe. Mkojo unamtoka bila yeye kujua. Msimchanganye na dume anayeweka alama: huyo huinua mguu makusudi na kurusha mkojo kidogo ukutani. Anayevuja hulowa akiwa usingizini au akitembea, na manyoya ya tumbo na mapaja hubaki majimaji.

Kabla ya yote, mtazame anapokojoa. Je, mkojo unatiririka? Mrija wa mkojo wa dume ni mrefu na mwembamba, tena hupita chini ya mfupa ulio ndani ya uume, na vijiwe hupenda kukwama hapo. Kibofu kikifurika, matone hupenya kwa shida, na mwenye mbwa hudhani ni kuvuja tu. Dume anayejikamua bila kutoa kitu, au akatoa matone tu, ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Akicheleweshwa, figo hushindwa kazi, kibofu huweza kupasuka, na mbwa hufa.

Kama mkojo unatoka vizuri, sababu ni nyingi. Dume mzee asiyehasiwa mara nyingi huvimba tezi dume, na kumhasi huifanya isinyae. Yapo pia maambukizi ya kibofu, na matatizo ya uti wa mgongo, hasa miguu ya nyuma ikiyumba. Mtoto wa mbwa anayelowa tangu kuzaliwa huenda ana kasoro ya maumbile.

Pima maji anayokunywa kwa siku. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, daktari atachunguza kisukari, figo na homoni. Mweleze pia dawa anazopewa, kwani zile za jamii ya kotizoni huongeza mkojo. Ukiweza, mpelekee mkojo wa asubuhi kwenye chombo safi.

Usimnyime maji ukitumaini atakauka; utamwumiza bure. Wala usimpe dawa aliyoandikiwa jike anayevuja: kwa madume mara nyingi haifanyi kazi vizuri hivyo, na chanzo kitaendelea kujificha.

Wakati wa matibabu, mwoshe sehemu zilizolowa kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe, maana mkojo huchoma ngozi na huita nzi. Badilisha matandiko kila siku, ukivaa glavu: mkojo wa mbwa unaweza kubeba vijidudu vya leptospira, vinavyoambukiza binadamu.