Somo: Kuomba ruzuku ya kuokoa wanyamapori walio hatarini kutoweka

Nimeulizwa mara nyingi mno ni mfadhili gani anayetoa fedha za kuokoa mnyama fulani, kana kwamba kikwazo ni anwani. Maombi mengi hukataliwa kwa sababu nyingine kabisa, kwa hiyo nimeziandika hapa ili atakayeuliza tena aelekezwe kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Tafuta hadhi ya spishi yako katika Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili), inayoonyesha kila spishi iko katika hatari kiasi gani ya kutoweka, uinakili kama ilivyo.

Hatua ya 2. Soma masharti ya mfadhili hadi mwisho, hasa kiwango cha juu cha ruzuku. Mfuko wa Mohamed bin Zayed, kwa mfano, hauvuki dola 25,000 kwa ombi moja.

Hatua ya 3. Eleza tishio kabla ya kueleza shughuli. Kondori wa California, ndege wakubwa walao mizoga, walibaki takriban 22 mwaka 1982, wakakamatwa wote na kuzalishwa chini ya uangalizi, lakini waliporudishwa porini waliendelea kufa kwa sumu ya madini ya risasi iliyomo katika mizoga iliyoachwa na wawindaji. Kuzalisha peke yake hakukuondoa kilichokuwa kikiwaua.

Hatua ya 4. Hesabu kabla ya kuanza. Hapa ndipo nilipokosea. Ruzuku yangu ya kwanza ilikuwa ya kulinda viota vya kasa, na fedha zilipoingia tuliwapeleka walinzi ufukweni mara moja, tukaanza kuweka kumbukumbu za viota miezi mitano baadaye. Mwishoni mfadhili aliuliza ni viota vingapi vilivyokuwa vikiporwa kabla ya mradi, nami sikuwa na jibu. Awamu ya pili ilikataliwa, na walinzi niliowafundisha walirudi makwao. Jambo hilo bado linaniuma. Kwa hiyo zingatieni: hesabuni kwa njia ileile, msimu uleule na kwa idadi ileile ya watu, kwa sababu macho yakiongezeka, viota vinavyoonekana huongezeka hata kama kasa ni walewale. Wala msiahidi kwamba kasa wataongezeka ndani ya miaka miwili, maana kasa wa kijani anaweza kuchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kutaga mara ya kwanza. Ahidini kinachoweza kubadilika mbele ya macho yenu: viota vinavyosalia hadi mayai yaanguliwe, na makinda yanayofika majini.

Hatua ya 5. Vibali vya utafiti viombwe mapema.

Hatua ya 6. Kila kiasi katika bajeti kifungamane na shughuli iliyotajwa, na gharama ya kuhesabu iwemo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwendambio: Sijasoma yote. Ni mfadhili gani anayejibu haraka?

Jibu: Soma hatua ya 2, kisha urudi na swali.

Jicho la Mwewe: Kwa hiyo fedha za kasa zilitumika bila matokeo?

Jibu: Sikusema hivyo. Fedha zote zilitolewa hesabu na viota vililindwa kila usiku. Nilichokosa ni kipimo cha hali ya awali, na nimekiri hilo waziwazi ili wewe usilirudie.

Mwanafunzi wa Vyura: Shikamoo mwalimu. Spishi yangu ni chura mdogo anayeishi katika bonde moja tu. Je, nina nafasi mbele ya wanaoombea tembo?

Jibu: Marahaba, na nafasi unayo. Chura wa Kihansi, nchini Tanzania, aliishi katika eneo dogo sana lililopata manyunyu ya maporomoko ya maji, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa, mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa bondeni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yalikuwa yamefungwa. Udogo wa eneo ni nguvu yako: tishio linaonekana, na unaweza kulihesabu bonde zima. Nitumie rasimu yako, nitaisoma.

Mwanafunzi wa Vyura: Ninawahesabuje bila kuwakanyaga?

Jibu: Kama dume wa spishi yako huita, tumia kinasa sauti kilichowekwa mahali palepale na kwa saa zilezile.

Mlinzi wa Usiku: Naongezea: andika hali ya mvua ya kila usiku, kwa kuwa vyura wengi huita zaidi baada ya mvua, na usiku mkavu ukilinganishwa na usiku wa mvua utaonyesha upungufu usiokuwapo.

Jibu: Ahsante, ndugu. Nimeliongeza katika fomu zangu.