SOMO: Kuondoa mkwaruzo wa nyuzi kwenye gitaa la besi

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Besi inakwaruza, nifanyeje?" Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamleta huku. Somo ni la besi ya nyuzi nne yenye trasi rodi, yaani fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo.

1. Funga nyuzi mpya, au walau zisizo na kutu.

2. Tyuni kwa sauti mnayopigia. Kama kwaya yenu hushusha nusu toni, shusha kabisa kabla ya kupima chochote, maana nyuzi zikilegea shingo nayo inasogea.

3. Piga freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) moja moja, kila uzi, uandike panapokwaruza. Freti ya 1 hadi ya 5: shingo imenyooka mno. Kuanzia ya 12 kwenda juu: nyuzi ziko chini mno. Uzi mtupu (usiobanwa) peke yake: mifereji ya nati ya kichwani, kile kipande nyuzi zinapopitia mwanzo wa shingo, imechimbika. Sehemu moja tu: freti inayofuata imeinuka, na hiyo ni kazi ya fundi.

4. Shingo. Bana uzi wa E (mnene kuliko wote) kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kwa pamoja. Pima uwazi kati ya uzi na freti ya 7 au 8 kwa fila, zile wanazopimia valvu mafundi magari. Unatafuta kama 0.3 mm. Uwazi ukiwa mdogo, legeza trasi rodi. Ukiwa mkubwa, kaza. Robo mzunguko, tyuni upya, pima upya. Hapa ndipo nilipoua besi yangu ya kwanza. Nilikuwa nawahi ibada ya jioni, alenki (ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia trasi rodi) inacheza kidogo tunduni, nikakaza mzunguko mzima kwa mkupuo. Kona za tundu zikasagika, na shingo ile haikurekebishika tena. Niliishia kununua nyingine. Kwa hiyo: alenki ikae bila kucheza hata kidogo. Za inchi na za milimita hukaribiana, lakini si mbadala. Ikigoma, acha. Usiongezee bomba kwenye alenki ili upate nguvu.

5. Kimo cha nyuzi juu ya freti. Kwenye freti ya 17, anza na 2.4 mm kwa E na 2 mm kwa G (uzi mwembamba kuliko wote). Mwenye mkono mzito apandishe kidogo.

6. Malizia na freti ya 12: sauti ya kubana ilingane na ya kugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo bila kuubana. Ikiwa ya kubana iko juu, rudisha kidaraja cha uzi huo (kipande kinachoushikilia kwenye daraja) nyuma, mbali na shingo.

MASWALI

Mdau: Mkuu, yangu inakwaruza sana, tatizo nini?
Jibu: Hatua ya 3. Njoo na majibu yake.

Mdau: Nimekaza mizunguko miwili na imezidi. Maelekezo yako yana makosa.
Jibu: Nimeandika robo, na nimeandika pima kwanza. Kukaza kunanyoosha shingo, lazima freti za mwanzo zizidi kukwaruza. Irudishe taratibu ulikoitoa, kisha anza hatua ya 2.

Mdau: Shikamoo fundi. Mbona chumbani nausikia mkwaruzo, kanisani kwenye amplifaya siusikii?
Jibu: Marahaba binti, umeuliza jambo wengi hawalitazami. Pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, hunasa mtikisiko wa uzi wenyewe. Ule mguso mdogo wa freti mara nyingi haufiki kwenye spika. Sikiliza kwa amplifaya kabla ya kupandisha nyuzi, usije ukachosha vidole kwa kelele asiyoisikia mtu. Ila noti ikikatika mapema, hapo rekebisha. Jaribu pia kupiga karibu na daraja kwa mkono mwepesi.

Mdau: Nimehamia Iringa kutoka Tanga, besi iliyokuwa safi imeanza kukwaruza. Njiani haikugongwa.
Jibu: Mbao hunywa unyevu na kuuachia, na hewa ya Tanga si ya Iringa. Iache wiki moja izoee, ndani ya begi lake, mbali na dirisha lenye jua. Kisha pima. Huenda robo mzunguko ikatosha.

Mdau mwingine: Nyongeza ya nati: mfereji uliochimbika mimi hujaza unga wa mfupa na supaglu, kisha nauchonga upya kwa faili nyembamba.
Jibu: Inafaa sana, asante. Funika mbao ya shingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwanza, supaglu ikidondoka hapo haitoki.